Kiroboto na Namba ya Dereva

Hebu niambie, ukipeleka kitambaa ushonewe gauni la mtoto wa miaka sita, fundi akakikata kwa kipimo cha dereva wa lori, utanyamaza? Mimi fundi cherehani nilinyamaza mara nane. Mara ya tisa nilikataa, na hasira yake bado ninayo.

Mjukuu wangu tunamwita Kiroboto, maana hatulii. Alipokuwa mchanga kichwa kilijaa maji, wakamwekea mpira mwembamba wa kuyatoa. Sasa kila akiumwa kichwa na kutapika tunatumwa kwenye mashine ya CT, inayopiga picha ya ndani ya kichwa, waangalie kama maji yameongezeka. Nesi mmoja wa kliniki alinieleza kwamba mionzi ya mashine ile haionekani wala haiumi, ila kila picha inaongeza kidogo hatari ya saratani ya baadaye. Na mtoto ndiye mwenye baadaye ndefu.

Siku hiyo alitutangulia dereva mmoja, shingo nene kuliko paja langu. Alipotoka, Kiroboto akalazwa, nami nikaingia chumba cha kioo anachokaa fundi wa mionzi, ili nivishwe aproni nzito ya kuzuia mionzi nikikaa na mtoto. Ukutani palikuwa na karatasi ya kalamu nyekundu: PICHA ZENYE CHENGA ZITARUDISHWA. Chini yake ilichungulia karatasi nyingine, naona “Wato” tu. Mimi na kupekua ni damu moja, nikainua. “Watoto.” Kiasi cha mionzi, miaka sita: mia moja. Nikatazama kioo cha kompyuta: mia mbili hamsini.

“Mwanangu, yule dereva ulimpiga kwa ngapi?”

“Mia mbili hamsini, bibi.”

“Na huyu?”

Akajikuna kisogo. “Hiyohiyo.”

“Kwani naye anaendesha lori?”

“Bibi, nikishusha, picha inatoka na chengachenga. Daktari wa picha anairudisha, nampiga mtoto tena, anakula mionzi mara mbili. Bora moja iliyonyooka.”

“Mtoto wangu anapigwa picha ya harusi?”

Nikahesabu za nyuma. Mara nane! Nilitoka pale, nikaenda kukaa kwenye kitanda cha mashine, miguuni pa Kiroboto, mkoba mapajani.

“Bibi, shuka, mashine haiwezi kuanza.”

“Ndiyo maana nimekaa. Mwite mwenye kalamu nyekundu.”

Kiroboto akacheka. “Bibi, na wewe unapigwa?”

“Wakithubutu.”

Fundi akampigia simu daktari wa picha, naye akaja mbio, mama wa makamo, miwani juu ya utosi. “Nani anatufundisha kazi?”

“Mimi, daktari. Mbona mtoto anapewa mionzi ya baba mzima, na karatasi yake mmeifunika?”

Daktari akashusha pumzi. “Mama, niliwahi kupitwa na doa la damu dogo kama punje ya mtama, picha ilikuwa chafu. Mgonjwa alipooza. Tangu hapo sitaki picha chafu.”

Hapo nilimwonea huruma, sitasema uongo. Lakini huruma haikuniondoa kitandani.

“Pole sana. Na leo unatafuta punje ya mtama?”

“Leo? Leo naangalia kama vile vyumba vya maji kichwani vimepanuka.”

“Vina ukubwa gani?”

Akaonyesha kidole gumba.

“Kidole gumba kinapotelea kwenye chenga?”

Daktari akateremsha miwani machoni, akamwambia fundi, “Weka mia moja.”

Nikashuka. Mashine haikumaliza hata dakika moja. Picha ikatoka na vumbivumbi, kama kitambaa cheusi kilichopigwa chaki. Daktari akainama, akapima huku, akapima kule, akaifungua ya mwezi wa tatu, akaziweka sambamba.

“Viko vilevile. Maji hayajaongezeka. Na mpira naona uko mahali pake.”

“Umeona vizuri?”

“Nimeona ninachohitaji.”

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi nusu. “Na zile nane za nyuma, daktari? Nazo zingetosha kwa namba ndogo?”

Akavua miwani. Akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Nami nikainama kumfunga Kiroboto kamba za viatu.

Ndipo fundi wa mionzi akasimama. Akabandua ile karatasi ya kalamu nyekundu, taratibu isichanike, akampa daktari mkononi.

“Daktari, tangu siku ulipoibandika hii nataka kukuambia. Usinidai picha nzuri tu. Niambie kwanza unatafuta nini, ndipo nijue nimpige mtu kwa kiasi gani.”