Ramani ya Transista ya Mama Devota

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kila mlango, transista feki zilijaa Tanga kuliko dagaa. Mimi nilikuwa fundi redio kwenye duka la Mzee Esmailji, Nguvumali, baada ya mimi na fizikia kuachana chuoni Mlimani mwaka wa pili. Nilikuwa na benchi moja karibu na mlango. Hilo hilo ndilo Yona alilolitaka.

Yona alirudi kutoka Ujerumani na suti mbili na udaktari. Akisema "silikoni" utadhani anamung'unya halua. Akamwahidi Mzee kwamba atapima transista zote, feki na halali, mradi apewe benchi na mimi niondoke.

"Transista nzima tunaichonga kama sindano, Mzee. Umeme unang'oa atomu moja moja. Kila moja ikigonga kioo, tunajua ni silikoni au fosforasi, na ilikaa wapi. Tunachora ramani: urefu, upana, kina. Mpaka transista inaisha."

"Inaisha?"

"Halibaki hata vumbi."

Hapo alikaribia kusema kweli. Mitambo hiyo ipo Ulaya, niliisoma kabla chuo hakijanichoka. Ila haienei kwenye boksi la viatu lenye taa mbili nyekundu, kama lile la Yona.

Nikampa transista ya redio ya Mama Devota wa Pangani, na kikaratasi: "Mteja anataka kibovu chake." Ndiyo desturi ya mafundi wetu. Usiporudisha kibovu ulichokitoa, mji mzima unakuita mwizi.

Jumatatu Yona akaleta ramani: nukta za rangi ndani ya kiboksi, kwenye karatasi ya grafu. Mtoto wa darasa la pili angepaka vizuri zaidi.

"Na kibovu cha Mama Devota, daktari?" nikauliza kwa adabu zote.

"Hiki hapa. Mimi si mwizi."

Akaiweka transista mezani, nzima, na miguu yake mitatu. Mzee akavaa miwani, akaigeuzageuza.

"Beta, mwanangu, hii si ilikwisha?"

Yona akajifuta jasho. "Ilikwisha, Mzee. Nikazirudishia atomu."

"Atomu zote?"

"Zote."

"Basi kaumbie redio kwingine. Hapa tunatengeneza tu."

Yona akaondoka na boksi lake. Ramani Mzee akaibandika juu ya benchi langu, eti wateja wanaipenda. Wanaipenda kweli, wajinga wale. Kila siku nawaonyesha nukta za njano, nasema fosforasi, wanatikisa vichwa kukubali. Hajatokea hata mmoja akauliza nani kazihesabu.