Trei ya Wilfred

Mbegu za mwisho za nyanya alizoacha Wilfred zilikaa kwenye trei tangu Machi katika kibanda cha vioo cha kuoteshea miche, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, pasipo joto. Hakuna iliyochipua.

"Shemeji, hapa utaziozesha," alisema Cuthbert, mdogo wa marehemu. "Baridi hii yaachie maharagwe."

"Nizipeleke wapi?"

"Kabati la tangi la maji moto, lile la ndani mnamohifadhi nguo. Kaka aliziweka humo kila mwaka, nawe ukimfokea."

Enid, mjane wa Wilfred, alijua. Kabati lilijaa mashati ya mumewe, hajayagusa tangu mazishi.

Aliyatoa yote, akayarundika kitini, akaingiza trei. Alisubiri machozi, hayakuja. Akafunga mlango upesi, joto lisitoke.