Shimo la Mwisho

“Umekufa mara tisa kwenye shimo lilelile, niachie!” Doto alimfokea pacha wake.

“Nilitangulia kuzaliwa, natangulia kucheza!” Kulwa akamtandika kofi.

Doto akamng’ata mkono mpaka damu ikachuruzika.

“Nyie akina mama, msiichafue mashine yangu!” alilia Muksini, mwenye kibanda. Ndiye aliyeuleta mjini Bariadi mchezo huo wa kuchezea kwenye televisheni, serikali iliporuhusu biashara huria, na hakuna mteja aliyewahi kulivuka shimo la mwisho. Kulwa alibakiwa na uhai mmoja. Doto hakuwahi kulijaribu hata mara moja.

Kulwa akambamiza Doto ukutani, mdomo ukapasuka. Doto akatema damu, akachomoa waya wa umeme. Kioo kikawa cheusi, hatua zote saba alizovuka Kulwa zikapotea.

“Tunaanza upya,” alisema, akiuchomeka tena. “Natangulia mimi.”