Ngwe za Kazi ya Kikundi

Mimi sina subira, na sioni haya kulisema. Kazi ya kwanza ya kikundi niliiandika yote peke yangu, hapa Handeni, kwa sababu Enock wa Lutindi hapati mtandao mpaka apande kilimani, na Loyce wa Ngombezi hakuwahi kikao cha simu hata kimoja. Tukapata alama tisa kati ya arobaini. Mwalimu wetu wa ualimu wa chekechea, ambaye tunasoma kwake kwa mtandao, akaandika kuwa kazi ni ya mtu mmoja. Ya pili ikiwa hivyo, wote watatu tunarudia mwaka. Kwangu kurudia mwaka ni kuacha chuo.

Kesho yake nikaenda kupalilia na Mama, nimenuna. Shamba letu majirani hupalilia kwa zamu. Kila mtu anakatiwa ngwe yake, anajua inapoanzia na inapoishia, na anayemaliza mapema anaingia ngwe ya jirani. Hakuna anayemsimamia mwenzake. Nikasimama na jembe mkononi, nikajiona mjinga kweli kweli.

Jioni nikawaandikia wenzangu: vikao vya simu basi. Kazi nimeikata ngwe tatu kwenye faili moja la mtandaoni, kila mtu alime saa anayopata mtandao, akimaliza aseme, kisha aingie kwa mwenzake. Loyce akajibu kwamba hicho ndicho alichotaka tangu mwanzo, ila mimi sisikilizi. Iliniuma, maana ni kweli.

Lakini tabia haina dawa ya siku moja. Kutwa nilikuwa nawachungulia, mara namrekebisha Enock, mara namkumbusha Loyce. Ikabaki siku moja. Wao wamemaliza, na ngwe yangu ni majani matupu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikafungua simu nianze kuandika, nikakuta aya zimeshaingia. Loyce alikuwa anaandika kuanzia juu, Enock kuanzia chini. Kisha ikaja sauti ya Enock, upepo wa kilimani unavuma nyuma yake.

"Da Mwantumu, tumeingia ngwe yako. Wewe lima katikati, tutakutana."

Tukakutana. Thelathini na saba kati ya arobaini, na mwalimu akatuomba tuwaeleze wanafunzi wengine tulivyofanya.

Nilipomwambia Mama kuwa tumefaulu, aliuliza kitu kimoja tu: nani alimaliza wa mwisho?

"Mimi," nikasema, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.