Kobe wa Mama Aliyeombeshwa Msamaha

Nina hasira, na sitajifanya sina. Kosa la kwanza ni langu. Mimi ndiye niliyempeleka mama yangu, Mwenze, kwa padri aliyekuwa akitafuta hadithi za wanyama, ili atengeneze sinema ya familia za kambi yetu ya wafanyakazi wa migodi hapa Élisabethville.

Mama alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, aliyotoka nayo kaskazini kwa treni. Simba amekalia chemchemi wakati wa kiangazi. Kobe anamwendea akiimba, anaimba mpaka Simba anainuka kucheza, na maji yanatoka kwa wote. Kwetu msimulizi akiimba, wasikilizaji lazima waitike, hata kama hadithi hawaipendi. Kunyamaza ni kumtukana. Kwa hiyo nilikaa kando ya mashine ya kunasa sauti, nikamwitikia mama wimbo mzima. Padri akaahidi hatabadilisha hata neno.

"Batoto ya mu kambi habajue tena hadisi," mama aliniambia tukirudi. "Sasa batajua. Hata miye nikikufa."

Mwaka ukapita. Jumapili moja mchana tulijazana ukumbini kuitazama sinema, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mama alivaa kitambaa kipya na kumpakata binti yangu, Edith. Kobe alikuwa mwanasesere wa bakuli la bati lililopakwa rangi. Manyoya ya Simba yalikuwa kamba za katani. Hayo ningeyasamehe. Lakini wanyama wote walisema kwa sauti moja, ya Clément, karani wa padri, aliyesimama na kipaza sauti kando ya picha, akiwasemesha kana kwamba anasoma tangazo la kambi. Safari ya Kobe ilikuwa dakika arobaini za kupanda na kushuka kichuguu kile kile. Wimbo wa mama haukuwemo. Na mwishoni, aibu gani hii, Kobe alipiga magoti mbele ya Simba akaomba msamaha kwa kutaka maji bila ruhusa. Simba akampa jembe. Kobe akashukuru.

Nilimkamata padri mlangoni.

"Mon père, hii haiko hadisi ya mama."

Akanijibu kwa upole kwamba hadithi ya mama haikuwa na mafundisho, na kwamba yeye ameiongezea. Ameiongezea! Upole ule uliniudhi kuliko tusi. Mama alinivuta mkono, twende.

Jioni, watoto wakiwa wamezunguka mbabula ya makaa wakiota moto, mama akaanza hadithi yake upya, ile ya kweli. Alipofika pa kuimba, Edith akamkatiza.

"Hapana, nkambo. Haiko vile. Kobe aliomba lusamaa. Shiye tulimona."

Wenzake wakakubali wote. Nikangoja mama amkemee. Nilitaka sana amkemee.

"Basi," mama akasema, "sema weye."

Edith akaisimulia yote, na jembe, na shukrani. Wimbo hakuwa nao, akatunga wake papo hapo, wa kumsifu Simba mukubwa, Simba muzuri. Akaimba, kisha akamtazama nyanya yake, akingoja.

Mama akaitika. Aliitika kila mara, bila kuruka hata moja, mpaka Simba aliposifiwa vya kutosha. Mimi nilifunga mdomo.