Kahawa ya Pastory

Hapa Igurwa hakuna anayeijua sheria ya mto Kagera kunishinda mimi. Shule niliishia darasa la nne, na siku walipofundisha mambo ya sheria nilisinzia.

Haya ni ya kusikia, basi. Enzi za watemi, maiti ya mtoni iliamuliwa na mtemi. Wakaja Waingereza na hakimu wao. Leo tuna hakimu wetu, na mto una doria ya kukamata kahawa ya magendo inayovushwa kwenda Uganda. Sheria zinabadilika. Anayeelea ni yule yule maskini.

Safari hii alikuwa Celestin, kibarua mwenye asili ya Burundi aliyenipalilia migomba. Alitoka asubuhi na mtumbwi kuvusha kahawa, akakutwa kwenye mafunjo, kichwa kimepasuka. Hakimu Evangelina akaja kuchunguza kifo, akaketi nyuma ya meza ya ofisi ya kata. Akiandika kwamba Celestin alizama mwenyewe, imekwisha. Mjane wake Uwiduhaye, aliyekaa pale chini kando yangu, atabaki kulia na kunyamaza.

Pastory wa doria akaapa. "Mheshimiwa, mtu huyo sijawahi kumwona, awe hai, awe maiti. Mtumbwi tuliukuta mtupu."

Akatoa na machozi. Nilimwonea wivu; mimi kumlilia marehemu mume wangu nilihitaji kitunguu.

Hakimu akafunika kalamu. Pastory akapita mbele yangu, shavu limetuna.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatafuna kahawa peke yako, mwanangu?"

"Na meno yako hayo mawili, bibi?"

"Yanatosha kung'ata mtu."

Watu wakacheka, naye akacheka. Kwetu mzee akikuomba kahawa ya kutafuna huwezi kumnyima, hata kama umebakiwa na punje moja. Akapiga goti, akatoa mfukoni kikasha cha ukindu, akanimiminia kiganjani.

Kilio cha Uwiduhaye kikakatika.

"Kikasha hicho umekipata wapi?"

"Hiki? Nilinunua sokoni Omurushaka. Zamani."

"Ukindu uliniishia," Uwiduhaye akasema polepole. "Mfuniko nikaumalizia kwa uzi wa sweta la shule la mwanangu. Celestin alitoka nacho asubuhi ile."

"Lete hapa," hakimu akasema.

Pastory akafumba mkono haraka. Lakini vidole vyake ni vinene, na katikati yake uzi wa kijani ulikuwa umechomoza, sote tunautazama.