Zamu Mbili za Alhamisi Moja

Haya niliambiwa na mjukuu wangu Irine, Jumapili ya juzi baada ya ibada, tukichambua maharage barazani. Mengine niliyaona mwenyewe, maana ndiva iko chini tu ya shamba langu hapa Suji.

Kaka yangu Loth ndiye mwangalizi wa ndiva, lile bwawa letu ambamo maji ya mto hujikusanya usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende kwa mwenye zamu. Miaka thelathini zamu zote alizishika kichwani. Alipoanza kusahausahau, Irine, anayefanya kazi za kompyuta kule Same mjini, akatutengenezea utaratibu wa simu: jioni, mwenye zamu ya kesho anapata ujumbe. Orodha ya zamu haikai Same wala Suji. Inakaa kwenye kompyuta za kukodi, mbali huko, ambako watu wengi wamepanga kama kwenye nyumba moja.

Huko Irine alikuwa na vyumba viwili: kimoja cha kazi yenyewe, kingine cha majaribio, cha kujaribia mambo mapya bila kuharibu ya zamani. Cha majaribio hujazwa majina ya kubuni. Ila alipowaonyesha wazee wa ndiva, wakaona humo mtu aitwaye Mkulima wa Kwanza amepewa maji ya Jumatatu, wakachukia. Loth mwenyewe alisema ukimpa maji mtu asiyekuwapo, umemnyang'anya aliyepo. Basi Irine, kwa heshima, akaingiza majina yetu ya kweli na namba zetu za simu, zamu akazichanganya ovyo. Na kwa kuwa ni majaribio tu, mlango akaufunga kwa neno la siri jepesi, jina la kijiji na moja mbili tatu. Ufunguo wa kutuma ujumbe ukawa uleule wa chumba cha kazi.

"Nilijua si vizuri, bibi," aliniambia. "Nikasema nitarekebisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi saba."

Wapo watu ambao kazi yao huko ni kupita mlango hadi mlango wakijaribu vitasa. Mmoja akaukuta wa Irine. Hatujui ni nani, wala yuko nchi gani. Alitafuta cha kuiba, akawasha kila alichokikuta, na Jumatano jioni ujumbe wa majaribio ukatoka kweli, ukaja huku kwetu sambamba na ule halali wa zamu.

Alhamisi alfajiri Agatha, mkulima mwenzetu, alishuka ndivani na jembe lake. Jirani yake Gideoni naye. Kila mmoja ana ujumbe unaosema maji ya leo ni yake. Maharage ya Agatha yalikuwa yanatoa maua, wiki tatu bila mvua; tangawizi ya Gideoni ilishaanza kugeuka njano. Hawakugombana wao kwa wao. Walimgeukia Loth. Gideoni akamwuliza amekula hongo ya nani. Watu wakajaa, ikasemwa kwamba anayegawa maji yaleyale mara mbili avuliwe kazi leo hii. Kaka yangu alisimama ameshika kile kigogo cha kuzibia tundu la ndiva. Hakujitetea, kwa kuwa naye alidhani labda amekosea.

Irine alipigiwa simu, akapanda na gari la kwanza. Alipofika aliwaamkia wazee, kisha akasema mbele ya wote, "Babu hajauza maji. Mlango niliuacha wazi mimi."

Akaeleza yote. Sadock, mmoja wa wenye zamu, akasema kumbe mwizi wa mtandao ameijua njia ya Suji kabla ya lami kufika. Watu wakacheka, Gideoni hakucheka. Alitaka kujua maji ya leo ni ya nani. Irine akakiri kwamba hata orodha ya kweli haiamini tena, maana mwenye ufunguo ule angeweza kuigusa.

Wakamwambia Loth azitaje zamu kwa kichwa, na akishindwa akabidhi kigogo. Akaanzia mfereji wa juu: Nathanaeli, Eliaichi, Filipo, Sadock. Akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama palepale. Agatha alijua, lakini mdomo wake haukuwa na nguvu, kwa kuwa ni mdai. Gideoni akayatazama maji.

"Jana alikuwa Sadock, leo ni Agatha, mzee," akasema. "Mimi ni Jumamosi."

Loth akachomoa kigogo.

Irine alikuja kukaa kwangu na kompyuta yake. Alikibomoa chumba cha majaribio, akajenga kingine chenye ukuta wake na ufunguo wake, ili anayeingia humo asiguse chochote cha watu. Akabadili ufunguo wa chumba cha kazi, akazipanga upya na zamu za kweli, kama babu yake alivyozitaja akisaidiwa na wenye zamu. Kuhusu majina, Loth alimruhusu atumie ya mbuzi wetu, akisema mbuzi hajawahi kudai zamu. Saa nane mchana alikuwa amemaliza, akajilaza kwenye mkeka, usingizi ukamchukua hata uji hajamaliza.

Loth alikataa kulala. Alikaa mlangoni akisikiliza mfereji, hadi Agatha alipokuja kusema maji yamefika mstari wa mwisho. Ndipo akavua viatu, akaegemea ukuta, akalala.